UZI: Noah ya zamani, giaboksi na difu huku Nyanda za Juu Kusini. Kabla hujanunua nyingine, pima kwanza

FundiDifu

Wakuu, habari za muda huu.

Naandika uzi huu kwa sababu swali ni lile lile kila wiki, simuni na gereji: "Fundi, Noah yangu gia zimekufa, giaboksi inauzwaje?" Mtu anauliza bei kabla gari halijapigwa hata jeki. Na wengi wanaouliza hivyo giaboksi yao ni nzima. Ugonjwa uko kwenye difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa tairi mbili), au propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), au haidroliki (mafuta ya giaboksi) imepungua, au kuna waya umekatika. Fedha ya giaboksi ya mtumba ni mtaji wa mtu. Kuna watu wameuza viazi vya msimu mzima wakafunga giaboksi nyingine, gari likatoka gereji linavuma vile vile. Hilo linaniuma sana, ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Nazungumzia Noah zile za mwanzo, za 1996 hadi 2001, ambazo wengine mnaziita Road Tour au Super Extra: SR40, na ndugu yake SR50 ya 4WD. Injini ya 3S, cc 1,998, iko chini ya viti vya mbele, giaboksi ya otomatiki ya gia nne iko nyuma yake, propela inapita chini katikati, difu iko nyuma. SR40 inasukumwa na tairi za nyuma. Zilizofuata, AZR60, ni gari tofauti kabisa: zinavutwa na tairi za mbele, difu imo humo humo ndani ya giaboksi. Ukiuliza swali hapa taja kwanza yako ni ipi, la sivyo tutapotezana.

Sasa kwa nini zinaharibika sana huku kwetu? Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka Uyole kwenda Isongole unavuka mita 2,000, halafu unashuka mpaka Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, ambako ni karibu mita 500. Huku juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu yake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo 3S ikiwa Mbeya imeshapungukiwa karibu sehemu moja ya sita hata kabla hujapakia mtu wala gunia. Dereva anafidia kwa kukanyaga moto. Giaboksi ikiona pedali iko chini inashusha gia, mwendo ukishika inapandisha, nguvu ikikosekana inashusha tena. Kila inapobadilisha, sahani za klachi zinasuguana ndani ya haidroliki. Toki konveta nayo (kiungo cha injini na giaboksi kinachofanya kazi kwa haidroliki), kama haijajifunga, sehemu ya nguvu yote inayopita humo inageuka joto. Panda hivyo Kiwira hadi Isongole na abiria waliobanana mpaka mlangoni, haidroliki inaiva.

Mafundi wa otomatiki tunashika kanuni moja: haidroliki ikizidi joto lake la kawaida, kila nyuzi 10 za ziada zinakata umri wake nusu. Na inapoozwa wapi? Ndani ya rejeta. Kuna mabomba mawili yanatoka giaboksi, yanaingia kwenye tenki la rejeta, yanarudi. Rejeta ikiziba kwa kutu na maji ya mtoni, injini ina geji ya kukuambia. Giaboksi haina geji, inaungua kimya kimya. Nimekutana na Noah zilizofungwa rejeta ya gari la manual, mabomba ya haidroliki yakaunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha mpira. Gari la namna hiyo linatembea vizuri tu hapa mjini, Mwanjelwa na Kabwe. Siku likipanda Mlima Nyoka na mzigo ndipo linakuonyesha.

Kupima haidroliki hakuhitaji mashine. Endesha gari lipate moto, simama mahali tambarare, injini ikinguruma, mguu ukiwa kwenye breki. Pitisha lever ya gia taratibu P, R, N, D, 2, L na urudi P. Chomoa stiki ya kupimia haidroliki, futa kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi, ingiza, chomoa tena. Soma upande wa HOT. Wengi wanapima injini imezimwa, wanaona imejaa, kumbe ni pungufu. Kisha dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu iliyofifia si kesi. Kahawia yenye harufu ya kuungua ni kesi. Pinki yenye povu ni kesi kubwa: maji ya rejeta yameingia kwenye haidroliki, na maji yanabandua gundi inayoshikilia sahani za klachi. Hapo usiwashe tena, hata kama gari bado linatembea.

Kipimo cha pili ni muda. Gari limepata moto, mguu kwenye breki, toa N weka D, hesabu mpaka usikie imeshika. Vipimo vya Toyota ni chini ya sekunde 1.2 kwa D, chini ya 1.5 kwa rivasi. Ukiona unahesabu mpaka tatu, presha ya haidroliki ni ndogo au klachi imekwisha. Anza na kiwango cha haidroliki na filta iliyo ndani ya sampo (bakuli la chini ya giaboksi) kabla hujazungumza habari ya kufumua.

Kipimo cha tatu: taa ya O/D OFF (O/D ni ovadraivu, ile gia ya juu kabisa). Ikiwa inawaka na kuzima yenyewe wakati unatembea, kompyuta inakwambia kuna hitilafu ya waya, sensa au solenoidi (vavu ndogo ya umeme). Hapo gari linaweza kugoma kupandisha gia kabisa, na watu wanasema gia zimekufa. Kwenye zile zenye kiboksi cha uchunguzi, unganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, switchi ON bila kuwasha injini, O/D ikiwa imewashwa, uhesabu taa inavyopepesa. Sita, ikapumzika, moja: hiyo ni 61, sensa ya mwendo ya pili. 62 na 63 ni solenoidi za kubadilisha gia, 64 ni ya kufunga toki konveta, 42 ni sensa ya mwendo ya kwanza. Solenoidi moja ni kitu cha kushika kiganjani, na inafikika ukishusha sampo. Usiuziwe giaboksi nzima kwa sababu ya solenoidi.

Sasa mlio, maana hapa ndipo giaboksi inaposingiziwa. Mlio wa kuvuma unaoanza kilomita 60 hivi: tega sikio mguu unafanya nini. Ukikanyaga moto unaongezeka, ukiachia unakata, mara nyingi ni krauni na pinioni, yaani gia kubwa ya ndani ya difu na ndogo inayoizungusha. Ukiachia ndiyo unalia, shuku beringi za pinioni zimelegea. Mlio haujali mguu lakini unabadilika unapokata kona, nenda kwenye beringi za tairi. Weka N gari likiwa linatembea mahali salama, tambarare, barabara tupu: mlio ukiendelea vile vile, shuka chini ukatafute kuanzia propela kwenda nyuma. "Ko!" moja unapotoa R kuweka D, anza na krosi (viungo) za propela na mauntingi (mipira inayoshikilia) za giaboksi. Jeki, mawe kwenye tairi, ingia chini, shika propela kwa mikono miwili uizungushe kushoto kulia. Krosi iliyokufa unaiona kwa macho.

Uliza, nitajibu kadiri ninavyojua.

Mnyalu_Ipogolo

Shukrani sana mkuu kwa uzi. Mimi niko Iringa, SR40 ya abiria. Kutoka Ruaha Mbuyuni nikianza mlima Kitonga gari linakuwa halijui linataka gia gani, linapanda linashuka, linapanda linashuka. Nikifika juu kabla ya Ilula nasikia harufu. Haidroliki nimepima iko sawa. Ni giaboksi au?

FundiDifu

Mkuu, kwa ulivyoeleza hiyo giaboksi inateswa, bado haijafa. Kitonga usiipande na O/D. Zima O/D kabla hujaanza mlima, siyo katikati, na ukiona bado inahangaika weka 2 kwenye zile kona kali, uende nayo pole pole. Injini itapiga kelele zaidi, iache. Ikizunguka haraka, pampu ya maji inazunguka haraka, pampu ya haidroliki inazunguka haraka, vyote vinapooza. Kinachoua ni kupanda na gia kubwa, moto umekanyagwa mpaka chini, mwendo kilomita 30.

Ukifika juu usizime injini ghafla. Paki pembeni pa usalama, P, iache inguruma dakika chache ili haidroliki ipite kwenye rejeta. Halafu hiyo rejeta yako ipeleke ikazibuliwe. Nina uhakika imeziba nusu.

Na kushuka ni hivyo hivyo. Kuna madereva wanaweka N kwenye mteremko wa Iwambi kuingia Mbalizi eti wanaokoa mafuta. Naomba niseme kwa nguvu zote: usifanye. Injini haikushikii tena, breki peke yake zinabeba gari lenye watu, zinapata moto, zinakataa. Mteremko ule umeshatuzikia watu wengi. Na kwa upande wa giaboksi, ukiwa N pampu inazunguka kwa mwendo wa sailensi (injini bila kukanyagwa moto) wakati shafti ya nyuma inazungushwa na tairi kwa kasi, kwa hiyo ulainishaji ni mdogo wakati mzunguko ni mkubwa. Weka 2.

Viazi_Isongole

Fundi naomba nipingane na wewe kidogo. Mwaka jana gari langu lilikuwa linatembea, linateleza kidogo tu gia ya tatu. Nikaambiwa nibadilishe haidroliki. Nikabadilisha. Wiki ile ile rivasi ikagoma, na baada ya hapo hata D. Kwa uzoefu wangu Noah ya zamani usiiguse haidroliki, iache na ya kwake.

FundiDifu

Pole sana ndugu yangu, na hoja yako wengi wanayo. Lakini angalia neno ulilotumia: "linateleza kidogo tu gia ya tatu". Klachi ilikuwa imeshakwisha kabla ya kumwaga. Haidroliki chafu ina unga wa klachi ndani yake, na ule unga unasaidia kushika kwa muda. Ukimwaga ukaweka mpya yenye sabuni nyingi, msaada ule unaondoka na ugonjwa unaonekana. Ungeiacha ingekufa pia, pengine siku umepakia.

Lakini kuna la kujifunza kwa wengine. Giaboksi inayoteleza tayari, haidroliki nyeusi, usiipeleke kwenye mashine ya kusukuma kwa presha. Presha inang'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vijinjia vyembamba vya vavu bodi, sehemu inayogawa haidroliki kwenye klachi. Fungua sampo kwanza, angalia sumaku zilizomo ndani. Nikishusha sampo ya Noah naanza na sumaku kabla ya kitu kingine chochote. Zikiwa na uji mweusi laini unaofutika kwa kidole, huo ni uchakavu wa kawaida. Zikiwa na vipande vinavyokwaruza kidole, au unga unaometameta wa rangi ya shaba chini ya sampo, kuna kitu kimevunjika au bushi zinalika, haidroliki mpya haitasaidia. Mwambie mwenye gari hapo hapo, huku anaona kwa macho yake, kabla hajatoa hela ya haidroliki.

Kama ni nzima, mwaga, badilisha filta na gasketi, jaza, tembea siku kadhaa, mwaga tena. Kwa sababu ukimwaga sampo, sehemu kubwa inabaki ndani ya toki konveta, kwa hiyo mara moja haitoshi. SR40 inakunywa Dexron II au III. Usijaze oili ya injini "kwa muda tu mpaka nifike Uyole". Nimeshaletewa.

DadaMafinga

Shikamoo fundi. Mimi nina AZR60 ya 2005, CVT. Ikiwa ya baridi asubuhi, na Mafinga unajua baridi yetu ya mwezi wa saba, inatetemeka nikianza kuondoka. Fundi wa hapa ameniambia aweke Dexron maana CVT oil hana.

FundiDifu

Marahaba dada. Mkatalie kabisa. CVT haina gia, ina mkanda wa chuma unaobanwa katikati ya puli mbili, na mafuta yake yametengenezwa ili chuma kishike chuma bila kuteleza wala kulika. Dexron ni ya klachi, humo ndani mkanda utateleza na kuchimba puli, na puli zikishachimbika hakuna ukarabati. Ya kwako inahitaji CVTF TC. Kama Mafinga haipo, agiza Iringa mjini au Mbeya, subiri. AZR60 za kabla ya mabadiliko ya 2004, zenye gia nne, hizo ni Toyota T-IV. Kwa hiyo hata ndani ya jina moja la AZR60 kuna mafuta mawili, ndiyo maana nasisitiza watu wataje ya kwao ni ipi.

Kutetemeka kwa baridi anza na mafuta hayo, na mauntingi. Na asubuhi usiondoke papo hapo, ipe dakika mbili tatu.

Dereva_Kyela

Fundi, yangu ni SR40. Ilikwama matope wakati wa masika njia ya kuingia ndani huku Rungwe, tukahangaika nayo sana mpaka watu wakaisukuma. Tangu hapo difu inagonga nikikata kona, tena kama kuna kitu kinaruka meno. Lami iliyonyooka haina shida kabisa. Na tairi ya nyuma kushoto ina unyevunyevu wa oili ndani ya rimu.

FundiDifu

Mkuu umeeleza vizuri mpaka karibu nimeiona. Ngoja nieleze kwa kirefu kwa sababu mvua za Rungwe zinazidi milimita 2,000 kwa mwaka na matope ni maisha yetu.

Ndani ya difu, kwenye krauni, kuna kisanduku chenye gia ndogo zinazozunguka kwenye pini moja. Barabara iliyonyooka zile gia ndogo hazizunguki kabisa kwenye pini, zinabebwa tu. Ukikata kona zinazunguka taratibu. Lakini gari likikwama, tairi moja imesimama na nyingine inazunguka hovyo, kasi yote inapita kwenye zile gia ndogo. Na angalia jambo hili: spidomita inasoma kutoka giaboksi, kwa hiyo ikionyesha 40 huku tairi moja imesimama, ile inayozunguka inakwenda 80. Hakuna beringi pale kwenye pini, ni chuma juu ya chuma, na oili inayofika ni ile ya kurushiwa tu. Dakika chache za kukanyaga moto zinatosha pini kuungua na gia kuanza kuigandia.

Nilifungua difu moja ya Noah iliyotoka kwenye matope ya namna hiyo. Krauni safi, pinioni safi, meno yanang'aa. Nikachomoa pini. Upande mmoja ulikuwa na rangi ya bluu ya chuma kilichoungua, na pale gia ilipokuwa inakaa palikuwa pamekatwa mtaro ambao kucha inaingia. Washa (pete nyembamba za chuma) nyuma ya gia ndogo zilikuwa zimebaki vipande. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa anunue giaboksi.

Kwa hiyo yako, kugonga kwenye kona peke yake, ni gia ndogo na pini. Kama krauni na pinioni vimenusurika, hivyo vinabadilishwa bila kununua difu nzima. Lakini usiendelee kutembea nayo. Pini ikikatika inatoka na kukutana na pinioni, na gari linaweza kujifunga tairi za nyuma likiwa kwenye mwendo.

Huo unyevu wa tairi ya kushoto ni jambo jingine, na mimi ndio unaonitisha zaidi. Juu ya ekseli kuna kitundu cha kupumulia chenye kifuniko kidogo. Matope yakikiziba, difu ikipata moto hewa inakosa pa kutokea, presha inasukuma oili kupitia sili ya ekseli, na oili inaingia ndani ya dramu ya breki. Unatoka hapo unakwenda kushuka kwenda Kyela na breki ya nyuma upande mmoja imelowa. Pia kama ulipita majini difu ikiwa ya moto, ikapoa ghafla, imevuta maji. Fungua nati ya kumwagia, oili ikitoka kama chai ya maziwa basi maji yameingia na beringi zote zikaguliwe.

Fundi_Makambako

Naongezea hapo kwa fundi mwenzangu, kwa wale wanaokwama njiani. SR40 ya otomatiki ikikufia usiivute kwa kamba huku tairi za nyuma ziko chini. Injini ikiwa imezimwa pampu ya haidroliki haizunguki, na tairi zinazungusha giaboksi kavu. Fungua nati nne za propela upande wa difu, itoe. Mkia wa giaboksi uzibe kwa mfuko na mpira uliokaza ili haidroliki isimwagike na vumbi lisiingie. Hapo waweza kuvutwa. Nimeletewa gari limevutwa kutoka Igawa na fuso, ugonjwa wa kwanza ulikuwa pampu ya mafuta tu. Lilipofika kwangu na giaboksi ilikuwa imekwisha.

FundiDifu

Asante sana mkuu. Hilo watu hawaambiwi kabisa.

Viazi_Isongole

Nimekuelewa fundi, nashukuru kwa kujibu kwa upole. Sasa nauliza: difu ya mtumba nikienda dukani najuaje ni yenyewe? Wauzaji wote wanasema "ya Noah hiyo".

FundiDifu

Swali zuri. Kuna mambo mawili. La kwanza, kibati cha chasisi cha Toyota kina mstari umeandikwa TRANS/AXLE. Kodi ya upande wa AXLE inaanza na herufi, inayoonyesha ukubwa wa krauni, na tarakimu mbili zinazofuata ni za uwiano. Piga picha, nenda nayo dukani.

La pili, hesabu meno mwenyewe. Meno ya krauni gawanya kwa ya pinioni. 43 kwa 10 ni 4.3. 41 kwa 10 ni 4.1. Kwa macho difu hizo mbili zinafanana. Kwenye SR40 ukikosea, spidomita inadanganya na gari linakuwa zito au jepesi kupanda. Kwenye SR50 ukikosea, mbele na nyuma zinashindana kila mita unayokwenda, na kitu kinavunjika.

Halafu usikubali krauni ya difu hii na pinioni ya difu ile. Zilisagwa pamoja kiwandani, zinauzwa pamoja. Ukizitenganisha zitavuma hata fundi awe hodari vipi.

Na hapa nawasema mafundi wenzangu, kwa heshima. Sili ya pinioni ikivuja, tunafungua nati, tunabadilisha sili, tunakaza nati kwa bomba refu mpaka mkono ugome. Ndani mle kuna kikombe chembamba cha chuma kinachobonyea ili kuweka mkazo wa beringi. Ukikaza kupita kiasi beringi zinabanwa, zinaungua. Ukiacha legevu, pinioni inacheza, krauni inaanza kulia. Weka alama kwenye nati na mkia wa pinioni kabla ya kufungua, urudishe pale pale na kuzidisha kidogo sana, na kama umefumua kabisa kikombe kiwe kipya. Ukishafunga, paka rangi kwenye meno, zungusha, angalia rangi imefutika wapi. Inatakiwa katikati ya jino. Fundi asiyepaka rangi anabahatisha.

Mnyalu_Ipogolo

Mkuu, jamaa yangu ana SR50, anafunga tairi mbili mpya nyuma, mbele zimekwisha. Ina madhara?

FundiDifu

Makubwa. Hiyo 4WD ya muda wote ina kifaa cha katikati chenye mafuta mazito ndani, kinafanya kazi pale mwendo wa mbele na nyuma unapotofautiana. Tairi iliyolika ni ndogo, inazunguka mara nyingi zaidi kuliko mpya. Kwa hiyo kifaa kile kinafanya kazi Iringa mpaka Makambako bila kupumzika, kinapata moto, kinajifunga. Dalili utaziona anapokata kona kali pole pole kwenye lami: gari linakataa kama limekamatwa na breki. Mwambie afunge nne zinazolingana. Hata SR40, tairi mbili za nyuma zikiwa saizi tofauti, zile gia ndogo nilizomweleza mkuu wa Kyela zinazunguka muda wote.

Dereva_Kyela

Fundi narudi na majibu. Tumeshusha difu na fundi wa hapa. Pini imelika kama ulivyosema, washa moja haipo, vipande tumevikuta chini. Krauni na pinioni havijaguswa. Oili ilikuwa nyeusi, haina maji. Kile kitundu cha kupumulia kilikuwa kimejaa udongo mkavu, tumekizibua kwa waya. Dramu ya kushoto imejaa oili kweli, brekishu zimelowa. Fundi anasema tuzioshe na petroli, zitakauka.

FundiDifu

Hongera mkuu, umeokoa giaboksi na krauni. Sasa sikiliza kwa makini. Brekishu zilizonywa oili haziponi kwa petroli. Juu zitaonekana kavu, zikipata moto kwenye mteremko oili inatoka tena ndani. Nunua mpya, pande zote mbili, siyo kushoto peke yake, la sivyo gari litavuta upande ukikanyaga breki. Dramu zenyewe osha, zikikauka hazina shida.

Sili za ekseli badilisha zote mbili maana presha ilikuwa inasukuma kote. Kagua pale sili inapokaa kwenye shafti kwa ukucha: kama kuna mtaro, sili mpya itavuja vile vile, na beringi ya ekseli iangaliwe ina uchezaji kiasi gani.

Kabla ya kurudisha kichwa cha difu, osha nyumba yake ndani kwa dizeli na ufute kwa kitambaa mpaka kitoke safi, sababu vipande vya ile washa vikibaki vitazunguka mpaka vikutane na beringi. Pini, gia ndogo na washa vyote viwe seti moja. Oili iwe ya difu, GL-5, 80W-90 au 85W-90, ujaze mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia gari likiwa limesimama sawa. Tembea siku chache bila abiria, kata kona pande zote, kisha uimwage hiyo oili uangalie kuna nini ndani yake, uniandikie hapa hapa.